Nishani Nne za Kapteni Wangu

Jumamosi, 5 Oktoba 2019

Ushindi! Nimempiku Tölle.

Ilikuwa asubuhi, kwenye soko la vitu vikuukuu hapa Lemgo. Mama mmoja alikuwa akiuza vyombo vya nyumba ya marehemu. Kati ya vikombe na pasi ya mkaa nikaziona: nishani nne za jeshi la zamani la Ujerumani, zimening'inia kwa tepe zake kwenye pini moja ndefu, vilevile zilivyovaliwa kifuani. Mkono wangu ukaenda. Mkono wa Eberhard Tölle nao ukaenda. Tölle ni mwenyekiti wa Chama cha Historia ya Mji. Mimi ni mwanachama wa kawaida mwaka wa kumi na tisa huu, na sababu ni yeye.

Nikamwambia polisi wanalivuta gari lake. Uongo mtupu. Akatimua mbio, kofia mkononi. Nikanunua.

Baada ya robo saa akarudi anahema, akanishika mikono yote miwili. Walikuwa wanalivuta kweli! Amelikuta limeshafungwa mnyororo. Akaniambia mbele za watu kwamba Gisbert Klöpping ni rafiki wa kweli.

Hata nikimdanganya mtu yule namsaidia. Inauma.

Lakini nishani ni zangu. Sasa: zilikuwa za nani?

Jumapili, 6 Oktoba

Nimeamka kabla ya kengele za kanisa. Lenzi, taa, kitambaa cheupe juu ya meza ya jikoni. Dada yangu Irmgard kauliza tutakula wapi. Sayansi haili.

Ya kwanza: Msalaba wa Chuma wa vita vya 1914. Hiyo iligawiwa kama njugu. Ya pili: msalaba wa vita wa hapa kwetu Lippe, waridi letu katikati. Kwa hiyo mtu wa kwetu! Ya tatu: msalaba wenye panga, wa waliopigana mstari wa mbele, uliotolewa miaka ya thelathini. Ya nne ndiyo iliyoninyima kifungua kinywa. Ya fedha, utepe wa rangi ya chungwa wenye kingo nyeupe, na maneno nyuma yake: kwa kuokoa kutoka hatarini. Nishani ya Prussia ya kuokoa maisha! Tatu za kwanza unazikuta kwenye kila dari la nyumba. Hii ya nne, wenye nayo Lippe nzima wangeenea kwenye benchi moja. Ndiyo itakayomtaja mwenyewe.

Na mimi nimeshamjua. Kapteni Botho von der Schelp, wa ile ngome ya bonde la juu. Ni nani mwingine angekuwa na kifua cha kubeba vitu hivi? Tena bibi mzaa bibi yangu alifua nguo katika ngome ile, na watu walisema mengi.

Nikamweleza Irmgard kwamba huenda tuna damu ya kapteni. Akasema labda tuna soksi yake.

Acheke tu. Kiti kimoja kiko wazi kwenye kamati ya chama. Tarehe 18 kila mgombea atatoa mhadhara. Wangu una jina tayari: "Shujaa wa Damu Yangu."

Jumanne, 8 Oktoba

Balaa.

Saa tano na nusu mlango ukagongwa. Tölle! Na keki ya zambarau, eti ya kunishukuru. Keki gani ile, ni upelelezi! Nikazinyakua nishani, nikazitumbukiza kwenye bakuli la kwanza lililofunikwa, nikaenda kufungua nikiwa natabasamu.

Bakuli lilikuwa la Pickert, chapati nene za viazi za kwetu. Irmgard alikuwa ameacha unga uumuke: viazi vya kukwaruza, hamira, zabibu kavu. Na Tölle, mtu asiye na haya, akasema harufu nzuri hiyo, na akakaa kusubiri chakula.

Irmgard akaanza kuchota. Mchoto wa saba ukatoa sauti ya chuma kwenye kikaango. Akatazama. Akanitazama. Akaugeuza upawa taratibu, akaurudisha bakulini, akafunika.

"Leo ni mbili tu kila mtu," akasema. "Unga wa Gisbert una mawe."

Tölle akala mbili zake, akazisifu, akaniuliza nimefika wapi na zile nishani. Nikamwambia bado sijazigusa. Wakati huo zilikuwa zinaumuka.

Alipoondoka, Irmgard akazitia kwenye maji ya vuguvugu. Nikapiga kelele kwamba nishani za kale haziogeshwi, kila mkusanyaji anajua hilo! Akasema kila mpishi anajua viazi vikikauka vinashika kama saruji. Akasugua kwa mswaki wangu.

Halafu akasimamisha mswaki. Kitambaa cha nyuma, kile cheusi kinachofunika pini, kilikuwa kimeachia upande mmoja. Chini yake kipande cha kitambaa chenye jina la mshonaji: Strottmann, Detmold. Na kando, kwa penseli, namba: 214.

Tukainama wote wawili, vichwa vikagongana. Irmgard akasema kwamba mshonaji anayeandika namba lazima ana daftari la namba. Nikamwambia ndiyo, hilo lilikuwa ulimini mwangu.

Halikuwa.

Alhamisi, 10 Oktoba

Detmold, kwenye nyumba ya nyaraka. Mhifadhi ni Bi Swantje Harms, mtu wa pwani ya kaskazini, mrefu, anaongea kwa kunong'ona hata akipiga chafya. Nikamwambia natafuta uthibitisho kuhusu kapteni. Akasema hapa watu hutafuta kwanza, kapteni baadaye.

Madaftari ya mshonaji Strottmann yapo! Wajukuu zake waliyaleta duka lilipofungwa. La mwaka 1935 lina harufu ya panya. Kidole changu kikashuka ukurasa. 211, 212, 213.

214: Simon Brüntrup, fundi matofali, Hörste. Nishani nne kwenye pini. Hana haraka.

Fundi matofali!

Nikamwomba Bi Harms atazame vizuri kama hakuna "von" iliyofutika. Akaweka lenzi. Hakuna. Nikauliza kama labda kapteni alimtuma fundi wake wa matofali kwa mshonaji. Akaniuliza kama kapteni alikuwa anatengeneza tanuri.

Nilitaka kwenda nyumbani. Lakini Bi Harms alikuwa ameshashikwa na hamu. Macho yake yaliwaka. Akasema mafundi matofali wa Lippe walikwenda kwao kaskazini kila kiangazi, na nishani ya kuokoa maisha haitoki bila maombi, na maombi hayatoki bila karatasi. Akaandika kwa wenzake wa kule. Akaniambia nirudi baada ya chakula.

Nikarudi. Mashine ilikuwa imeshatoa kurasa mbili, ripoti ya mkuu wa wilaya ya mwaka 1911. Nainakili hapa kwa ufupi. Tarehe 3 Agosti, mashua ya wafanyakazi wa tanuri ilipinduka kwenye mto Ems. Simon Brüntrup, miaka 23, akaruka kutoka ukingoni na viatu vyake, akamtoa mtu. Akaruka tena, akamtoa wa pili. Akaruka mara ya tatu kumfuata mdogo wake, Karl. Akazama mpaka wenzake wakamvuta kwa ndoano ya mashua, hana fahamu. Karl alipatikana kesho yake.

Bi Harms akazitia kurasa kwenye bahasha, akanikabidhi.

Kwenye treni nikasoma tena. Mara tatu. Hata chuki yangu kwa Tölle niliisahau mpaka kituo cha Lage.

Jumamosi, 12 Oktoba

Hörste. Kwenye kitabu cha simu kuna Brüntrup mmoja tu. Nikaona nisiende wazi, mtu asije akadai mali. Nikabuni: mimi ni mnunuzi wa matofali ya kale. Nikavaa na ovaroli.

Akafungua bibi wa miaka themanini na tatu, mgongo wima, aproni ya buluu. Bi Adelheid Brüntrup. Nikaanza na matofali. Akanitazama viatu, akanitazama mikono.

"Mwanangu," akasema, "mikono hiyo imebeba barua, haijabeba tofali. Ingia, useme lililokuleta."

Miaka thelathini na nane posta, na inaonekana mikononi!

Akanipa kahawa. Nikamuuliza kama alikuwa na jamaa aitwaye Simon. Kikombe kikasimama hewani. Alikuwa babu yake. Akaniuliza nimetumwa na nani wa kijijini, maana yeye amezeeka mno kuchekwa.

Nikamwambia simjui mtu kijijini. Ndipo akasimulia. Mwaka ule ndugu wawili waliondoka kwenda kaskazini, akarudi mmoja. Mama yao alimkuta Simon mlangoni, nguo kavu, viatu vikavu, akamuuliza yuko wapi mwenzako. Hakujibu. Mama akasema neno moja: "Wewe umerudi mkavu." Neno likatoka nje ya nyumba. Tangu siku ile akaitwa Simon Mkavu. Mwanawe, mtoto wa Mkavu. Adelheid mwenyewe, shuleni, mvua ikinyesha, wenzake walimsukumia nje: simama huko, ninyi hamlowi! Babu hakujitetea hata siku moja. Mara moja tu Adelheid alimwona amefungua droo na kushika kitu kwenye kitambaa. Akafunga haraka. Babu alipofariki mwaka 1961, ami yake Adelheid alibeba kila kitu.

Karatasi zilikuwa kwenye mfuko wa ovaroli yangu. Nilikuja kuchukua habari, sikuja kutoa. Naandika ukweli hapa kwa kuwa hakuna anayesoma: niliwaza mhadhara kwanza. Halafu nikazitoa.

Akaomba nimsomee, miwani yake iko chumbani. Ilikuwa kifuani mwake, kwenye kamba.

Nikasoma. Kwenye "na viatu vyake" akanisimamisha.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Na viatu vyake," akasema. "Basi alilowa."

Nikamwahidi kumletea nishani. Nilisema baada ya tarehe 18. Akasema amesubiri miaka mingi, siku sita si kitu. Nilipokuwa natoka akanipa soseji ya ini na kuniambia nikarudishe ovaroli kwa mwenyewe.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nawaza.

Fundi matofali hanipi kiti. Nani atampigia kura mtu kwa ajili ya fundi matofali? Je, nikisema kapteni alikuwa ukingoni anatazama? Je, nikisema alimwamuru aruke? Hiyo si uongo, ni nyongeza. Nimeandika kurasa nne. Kapteni Botho anasimama ukingoni vizuri sana, upepo kwenye sharubu.

Irmgard kaziona. Kasoma zote kwa kusimama. Kasema neno moja tu: nimpe anwani ya yule bibi wa Hörste, anataka kumpelekea jamu.

Nimempa. Jamu haina madhara.

Ijumaa, 18 Oktoba

Saa kumi jioni, ukumbi wa juu wa baa ya kituoni. Watu arobaini na moja, nilihesabu. Tölle akanitambulisha kama rafiki wa kweli aliyeliokoa gari lake. Nikapanda, kurasa za kapteni mkononi.

Mstari wa mbele, kiti cha katikati: Bi Adelheid. Koti jeusi la kanisani. Kando yake Irmgard, anatazama dari. Jamu!

Nikafungua mdomo. Nikasema "Kapteni." Bi Adelheid akainua uso, anangoja kwa adabu, kama mtu anayeamini kwamba neno linalofuata litakuwa la babu yake.

Nikasema, "Kapteni hayumo." Nikazikunja kurasa, nikazitia mfukoni, nikasoma ripoti ya mkuu wa wilaya, basi. Dakika nne. Mzee mmoja wa Hörste, nyuma kabisa, akasimama. Akasema na yeye alikuwa miongoni mwa watoto waliomsukumia Adelheid mvuani. Akakaa.

Nikashuka na kumpa nishani mkononi. Hakuzivaa. Akazigeuza, akapapasa ile ya utepe wa chungwa kwa kidole gumba. Tölle alikuwa analia waziwazi, hata kitambaa hana. Nikampa changu. (Kwa nini mimi?)

Halafu kura. Nilikaa tayari, tai imenyooka. Bi Adelheid akaomba ruhusa ya kusema. Akawashukuru wote, na hasa mwanamke aliyekuwa na akili ya kuziosha, maana asingeziosha jina lisingepatikana.

Makofi. Tölle akauliza kama Bi Irmgard Klöpping yuko tayari kuingia kwenye kamati. Yuko tayari! Hata si mwanachama! Wakamsajili palepale, kwa kalamu yangu.

Kura arobaini kwa Irmgard. Moja kwangu. Sitasema nani alinipigia.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimetulia. Nimetafakari kwa kina yote yaliyotokea, na nimeona kosa liko wapi: nishani ni ndogo mno. Watu wa nyuma hawazioni.

Leo, kwenye mnada huko Bad Salzuflen, nimepata picha ya rangi ya mafuta, urefu wa mlango. Jenerali! Ndevu mpaka kwenye mkanda. Na pua ni yetu, mtu yeyote mwenye macho ataona. Nimeshachapisha kadi za mwaliko: "Babu Jenerali Klöpping, kuzinduliwa rasmi Jumamosi, 2 Novemba." Tölle amethibitisha kuja, ataleta keki.

Irmgard, Mjumbe wa Kamati, kaniuliza kama nimetazama nyuma ya fremu kuna jina gani. Nimemwambia kwamba pua inatosha. Akaenda kutazama mwenyewe. Akarudi, akasema pameandikwa jina na kazi, je, nataka kusikia?

Sitaki. Nina shughuli. Nimeficha wembe, na ndevu za siku kumi, nikizichana kwenda chini, nadhani zitafika mkandani kama za Jenerali.