Bei ya Bunduki ya Mzee Peterson

Jumamosi, 17 Oktoba 1998

Inatangazwa rasmi, kwa anayehusika na asiyehusika, kwamba kuanzia leo mchana mimi, Kipngetich, mkazi wa ghorofa ya pili, Columbia Pike, Arlington, Marekani, ni mmiliki halali wa blanketi la kijivu.

Ndani ya blanketi mna bunduki.

Mzee Peterson anahamia Florida kesho kwa binti yake, Audrey. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwogesha na kumlisha Jumatatu hadi Ijumaa. Wikendi ilikuwa zamu ya Laurean, Mtanzania wa Bukoba, mtu wa adabu nyingi kupita kiasi. Audrey kasema kila mmoja wetu achague kitu kimoja kutoka chumba cha chini, iwe kumbukumbu. Mimi mkubwa, nikachagua kwanza. Palikuwa na televisheni pana kama jokofu lililolala. Laurean alikuwa anaitazama na kumeza mate. Nikaipita! Televisheni kila mtu anayo. Nikachukua bunduki ya vita.

Laurean akaniambia asante sana, ndugu yangu, kwa kuniachia. Maskini wa Mungu.

Mzee nilipomuuliza kuhusu vita alijibu kwamba walitembea sana. Basi. Shujaa hajisifu. Na babu yangu alipigana Burma, kwa hiyo bunduki nazijua. Hii ni mali. Mali kiasi gani, ndilo swali.

Jumatatu, 19 Oktoba

Nimempigia simu mwenye duka la bunduki kuukuu, njia ya kwenda Fairfax. Nilifuata kanuni za soko la ng'ombe la kwetu, ambako nimekulia miguuni mwa madalali. Mwenye ng'ombe hataji bei. Anasimama, anatazama mawingu kama mtu aliyepotea njia. Mnunuzi anataja. Unatikisa kichwa, unaondoka na ng'ombe wako. Anakuita. Bei ya kwanza ni salamu tu. Bei yenyewe ni ile ya kuitwa.

Nikamuuliza atanipa ngapi. Akauliza nina bunduki gani. Nikamwambia aanze yeye. Akauliza kama niko mzima. Nikanyamaza kitaalamu. Akakata simu.

Ana hamu sana, huyu.

Alhamisi, 22 Oktoba

Nimepita kwa Laurean, ghorofa ya juu, kuona kama anajuta. Nikiwa bado kwenye korido nikasikia televisheni yake: mpira, watu wanapiga kelele, utafikiri uwanja mzima umehamia chumbani. Nikabisha hodi. Kimya! Kufungua mlango, televisheni imefunikwa kitambaa cha kufuma, maua pembeni. Anasema anaipumzisha. Mtu anapumzisha televisheni!

Nikamnong'oneza kwamba bunduki yangu inafika bei ya gari. Ni siri. Akanipa hongera, kisha akauliza shemeji anasemaje. Nikasema shemeji hajui.

Akasema, "Aa."

Sikuipenda hiyo "aa".

Jumapili, 25 Oktoba

Shemeji anajua.

Baada ya ibada Laurean alimwendea mke wangu Jerotich, akamsalimu kwa mikono miwili, akampa hongera ya bunduki. Kwa adabu zote! Jerotich alishuka kwenye basi kabla halijasimama vizuri. Nyumbani akaenda moja kwa moja hadi nyuma ya meza ya kupigia pasi, akalivuta blanketi.

Niandike hapa, ingawa najua vizuri: Ijumaa ijayo tuna mahojiano ya green card, kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja. Aliyeshinda bahati nasibu ya kibali hicho ni Jerotich. Mimi nimefungwa nyuma yake kama trela. Na mjomba wake, kule Kericho, alilala rumande kwa ajili ya risasi moja iliyokutwa kwenye gunia la mahindi. Gunia lenyewe halikuwa lake.

Jerotich akaniuliza, "Wewe Kipngetich, huyo ofisa akitaka kujua nyumbani kuna nini, nimwambie sufuria, pasi na bunduki?" Nikasema hawaulizagi hivyo. Akauliza mimi nimehojiwa mara ngapi. Akasema hicho kitu kiwe kimetoka kabla ya Ijumaa, la sivyo ataingia ofisini peke yake, maana jina la mbele kwenye zile karatasi ni lake.

Akachukua mto, akashuka kulala kwa dada yake, Jepkosgei, ghorofa ya chini. Akachukua na thermosi ya chai.

Alipochukua thermosi ndipo nikajua si mchezo.

Jumatano, 28 Oktoba

Siku ya soko. Nikaifunga bunduki vizuri ndani ya blanketi, nikapanda basi. Lakini ili kufika kule lazima ubadilishe basi Pentagon! Nikashuka pale na mzigo begani, makao ya jeshi lote yakinitazama. Akaja kijana mwenye sare, kifua kimejaa nishani, akauliza kama hizo ni fimbo za mapazia. Nikasema ndiyo, mke wangu anapenda mapazia. Akaninyanyulia hadi ndani ya basi. Akanitakia siku njema. Msaada wa jeshi la Marekani naukiri hapa kwa maandishi.

Dukani nikaweka mzigo kwenye kaunta, nikatazama dari, kwa kuwa mawingu hayakuwepo. Mwenye duka, mzee wa ndevu, akafungua blanketi. Akamulika tochi ndani ya mtutu. Akacheka. Akamwita mkewe kutoka nyuma. Mke naye akacheka.

Mwenye duka akanieleza polepole, kama unavyomweleza mgonjwa. Mtutu umezibwa kwa chuma, na pini ya kufyatulia imeondolewa. Ni bunduki ya gwaride. Vijana huirusha juu na kuidaka, wazazi wanapiga makofi. Alisema haiwezi kuua hata nzi, labda umpige nayo.

Walitembea sana! Kumbe Mzee Peterson alikuwa ananiambia.

Nilipaswa kuhuzunika. Badala yake kitu kikanitoka mabegani, kizito kuliko ule mzigo. Si bunduki! Hakuna rumande, hakuna gunia la mahindi, hakuna Jerotich kuingia peke yake! Nusura nimkumbatie yule mzee wa duka.

Hapo akataja bei: dola arobaini, kwa ajili ya mbao na mkanda wake.

Malezi ni malezi. Nikatikisa kichwa. Nikafunga blanketi, nikaelekea mlangoni. Taratibu. Nikainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba. Nyuma yangu nikasikia anafungua redio.

Nikasimama kituoni ng'ambo ya barabara, mahali anaponiona vizuri. Mabasi yakapita. Hakuniita. Watu hawa hawajui biashara.

Alhamisi, 29 Oktoba

Nimemweleza Jerotich. Alicheka hadi akakaa kwenye ngazi, thermosi imekumbatiwa kifuani. Kisha akafuta machozi, akasema inafanana na bunduki, kwa hiyo itatoka kama bunduki.

Nikaipeleka kwa Laurean. Sikudanganya. Hakuuliza chochote kuihusu! Aliishika, akajitazama kwenye kioo, akasema angependa apige nayo picha aitume Bukoba. Akauliza nataka nini. Nikatazama dari. Akasema pasi. Nikatikisa kichwa. Akasema pasi na blenda. Nikachukua blanketi langu, mlangoni.

AKANIITA!

"Kaka, rudi bwana, tuongee!"

Hatimaye mtu aliyelelewa vizuri! Akatoa televisheni. Nzima nzima, na kitambaa chake cha kufuma. Alinisaidia mwenyewe kuishusha ngazi, mbio mbio, jasho linamtoka, asije akanipa nafasi ya kubadili mawazo. Hamu ya bunduki hiyo. Nilimwonea huruma kidogo.

Ijumaa, 30 Oktoba

Ofisa alikuwa mama mwenye mafua. Aliuliza kama bado tunaishi Columbia Pike. Jerotich akasema ndiyo. Ofisa akanigeukia, akauliza kama nina la kuongeza. Nikafungua mdomo. Jerotich akanikanyaga. Nikasema sina.

Akagonga muhuri. Mara mbili, wake na wangu!

Kwenye lifti Jerotich alilia na kucheka pamoja. Mimi pia, ingawa kwangu ilikuwa zaidi mguu uliokanyagwa. Thermosi imerudi nyumbani. Mto pia.

Keshokutwa ni marathoni ya New York, na vijana wetu wanakimbia. Nimewaalika watu wote wa kanisa. Televisheni itazinduliwa rasmi: utepe, mgeni rasmi Mzee Cheruiyot wa kanisani kwetu, maombi, ndipo ibonyezwe. Jerotich kasema niijaribu kwanza. Nikamwambia kitu kikishafunguliwa hakifunguliki tena, mgeni rasmi atafanya nini?

Jumapili, 1 Novemba

Ibada yetu ni alasiri, kwa sababu wenye kanisa hulitumia asubuhi. Kwa hiyo nyumba ilijaa mapema. Wengine walikaa kitandani, wengine dirishani. Chai, mandazi, watu wamevalia suti. Mzee Cheruiyot aliomba kwa urefu, akawaombea wakimbiaji na magoti yao. Akakata utepe.

Laurean alikuja na sahani ya karanga. Akakaa mbele kabisa, akajiegemeza, akafumba macho. Nikadhani naye anaomba.

Mzee Cheruiyot akabonyeza. Sauti ikaja, kubwa, safi, barabara nzima ya New York chumbani! Tukapiga makofi. Tukangoja. Kioo kikabaki cheusi kama sufuria ya shuleni. Mzee Cheruiyot akabonyeza tena, akagonga ubavuni, akarudi kukaa. Chumba kizima kikanigeukia. Jerotich akanimiminia chai, kikombe kikajaa, akaendelea kumimina.

Laurean, macho bado yamefumbwa, akasema kwa upole, "Ukizoea, kaka, inanoga hivyo hivyo."

Lakini nimeichunguza kwa nyuma. Imetengenezwa zamani, nzito, haitengenezwi tena. Vitu vya namna hii vina watu wake. Kesho nitapiga simu mahali. Bei sitaji.

Mkenya ameshinda. Tumemsikia.