Pazia la Kumficha Mama Mkwe

Wenzangu, leo nimeadhirika. Si kidogo. Nimeadhirika mbele ya wageni, mbele ya kaka yangu, mbele ya mume wangu, mbele ya binti yangu, na mbele ya mtu mmoja ambaye hata kivuli changu hakutakiwa akione.

Nawaandikia haraka, jua bado liko juu, kwa sababu wageni wenyewe wametoka huko kwenu Lulindi na kesho asubuhi wanapanda lori kurudi. Habari itafika kabla sijajitetea. Basi isikieni kwangu kwanza, mimi Mama Agnesi wa Mkunya, mliyekaa naye benchi moja darasa la ushonaji. Watakachoongeza wao juu ya haya ni uongo. (Wakipunguza, washukuruni.)

Mnanijua. Mimi ni mtu wa nyumbani. Tangu nilipoteleza mwaka jana kwenye mteremko wa kisimani nikaumia goti, siendi shamba, siendi maji. Nakaa na cherehani yangu ya mkono, kikopo changu cha shanga na vitambaa vyangu vya kichwa. Asubuhi navaa bangili sita mkono huu, sita mkono huu, hereni, mkufu wa shanga wa mistari mitatu. Nafunga kilemba, najitazama kwenye kioo, nakifungua, nafunga kingine. Saa zinakwenda, jamani! (Goti limepona tangu Kwaresima. Nawaambia ninyi tu.)

Sasa, msimu huu korosho zilikubali. Baba Agnesi akaingia duka la Mhindi pale Newala, akatoka na jora zima la shiti ya maua mekundu. Jora zima! Nikasema huyu mume nimepewa na Mungu. Nikashona gauni. Nikashona kilemba cha kufanana na gauni. Nikashona kitambaa cha meza, nikashona foronya. Nyumba nzima maua. Aliyebaki bila kushonewa ni paka.

Tuje kwa Agnesi. Mwaka jana posa yake moja ilikuja ikarudi. Wale watu walituma maneno ya heshima, lakini waliyosema njiani tuliyasikia: "Mama yake anajipamba kutwa, kazi hana. Binti atakuwa vilevile." Mtoto alikaa kimya miezi. Kwa hiyo alipojitokeza Mwalimu Barnaba wa huko kwenu, kijana mpole, ambaye Agnesi akisikia jina lake tu anaacha mboga iungue, niliapa kwamba safari hii sitamharibia. Niliapa kabisa, mkono juu.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuja kusikia jibu letu. Asubuhi Agnesi akaja akapiga magoti mbele yangu.

"Mama, naomba kitu kimoja tu. Leo usionekane, na usisikike."

"Mwanangu," nikamwambia, "mila ya mkwe unanifundisha mimi?"

Maana kwetu, mnajua, mkwe na mama mkwe hawaonani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini. Ndiyo sababu wiki nzima nilikuwa nashona pazia la mlango kati ya ukumbi na chumba cha ndani, ili nikae nyuma yake nisikie kila neno bila kuonekana. Nikihitajika kutoka, chumba kile kina mlango wa nyuma wa kutokea uani. Nilipanga kila kitu. Na pazia lenyewe la nini? La shiti ya maua mekundu, la nini tena!

Pembeni nililipiga cherehani. Baba Agnesi akalitundika kwenye mwanzi, juu ya misumari miwili aliyokuja nayo zamani alipokuwa kwenye kazi ya karanga Nachingwea. Ulibaki upindo wa chini tu. Ningeumaliza asubuhi hii mapema, lakini nilikuwa na shughuli. (Nilikuwa nachagua hereni.)

Wageni tuliwaambia saa nane. Saa sita, "Hodi!"

"Mama, ndani!" Agnesi akanisukuma na gauni langu la maua, na kilemba changu cha maua, na mapambo yangu yote.

Nikaketi mkekani nyuma ya pazia. Kutazama chini, naona nyuzi zinaning'inia. Aibu gani hii! Mwanamke mwenye cherehani, pazia lake halina upindo, na wageni wameketi hatua mbili tu! Nikatia uzi kwenye sindano, mara mbili usikatike, nikavuta ncha ya pazia magotini, nikaanza kupinda kimyakimya. Mkono unashona, sikio liko ukumbini.

Wageni walikuwa wawili: Barnaba mwenyewe na mama yake mkubwa, ndiye aliyekuja kusema, kwa kuwa mjomba wa kijana anaumwa. Ni mama mnene mwenye sauti ya kusikika mpaka nyuma ya kanisa. Upande wetu msemaji alikuwa kaka yangu Danieli, mjomba wa Agnesi. Baba Agnesi aliketi pembeni, kimya kama kawaida yake.

Wakasalimiana, wakaulizana habari za safari na za mvua. Kisha Mama Mkubwa akakohoa.

"Kaka, tusifichane. Kule tumesikia neno juu ya mama wa nyumba hii."

Sindano yangu ikasimama.

"Neno gani, mama?" Danieli akauliza.

"Kwamba ni mtu wa kukaa na kujipamba. Kazi ya mikono hana."

Danieli, Mungu amsamehe, akajibu bila kupepesa: "Dada yangu? Aa, wamekudanganya! Yule ni mtu wa kazi tu. Hata bangili hana."

Na mimi ndipo nilipoinua mkono kuvuta uzi. Chaling'i! Zote kumi na mbili.

Sauti ya Mama Mkubwa ikageukia pazia.

"Nini hicho?"

"Mbuzi," akasema Danieli. "Tumemfunga kengele."

"Mbuzi yuko chumbani?"

"Anaumwa."

Jasho lilinitoka mpaka kwenye nyayo. Nikazivua bangili moja moja, nikazichomeka ndani ya kilemba, nikarudi kwenye sindano. Kazi ya mikono sina? Mimi? Nikashona kwa hasira, mishono midogomidogo, karibukaribu, kama tulivyofundishwa. Wala sikutazama chini, maana macho nayo yalikuwa yanasikiliza. Maua mekundu magotini, maua mekundu mkononi, sindano inaingia, sindano inatoka. Pazia linaishia wapi na mama anaanzia wapi, sikujiuliza hata mara moja.

Huko ukumbini mambo yakanyooka. Agnesi akaitwa, akaulizwa kama anamtaka kijana huyu, akajibu kwa sauti ndogo: "Nimeridhika." Jamani, machozi yalinitoka. Nikafunga fundo la mwisho, nikakata uzi kwa meno, nikafuta machozi kwa pazia. (Au kwa gauni. Nani ajuaye?)

Mama Mkubwa akasema: "Basi. Mimi ni mwanamke, sina mwiko naye. Kabla sijala chakula chake, nataka nimsalimie mama mwenzangu. Jibu langu la mwisho nitalitoa nikishamwona."

"Dada!" Danieli akaita. "Toka kwa mlango wa nyuma, mgeni anakuja uani!"

Nikanyanyuka upesi, moyo mweupe. Hatua ya kwanza, salama. Hatua ya pili, mtu akanishika gauni.

Nikajua tu ni Danieli, ana mazoea ya kunichokoza tangu utoto wetu. "Niache," nikanong'ona. Hakuniacha. Nikavuta. Akavuta. "Niache, we Danieli, nitakuzaba kofi!" Sasa nilikuwa sinong'oni tena. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, na nguvu ninazo, maana nimepumzika mwaka mzima.

Kwaa! Msumari wa kwanza. Kwaa! Wa pili. Mwanzi ukanitua mgongoni pamoja na donge la udongo wa ukuta. Mtu mwenye akili angetulia hapo ajitazame. Mimi nikageuka kumkabili huyo mvutaji. Nikaingia ukumbini kwa miguu yangu mwenyewe, kiganja juu, nafoka: "Nani ananivuta?"

Uso kwa uso na Mwalimu Barnaba.

(Danieli alikuwa kwenye kiti chake upande wa pili, kikombe cha chai mkononi, mdomo wazi.)

Kilemba nacho kikaona huu ndio wakati wake. Kikafunguka. Bangili zikamwagika sakafuni, na moja ikabiringika taratibu, sote tunaitazama, ikapita chini ya meza, ikaenda kulala kwenye mguu wa Mama Mkubwa.

Nnungu wangu! Mtoto wa watu alijifunika uso kwa kofia, akakimbilia mlango wa mbele. Mimi nikakimbilia wa nyuma, pazia linanifuata, mwanzi unafuata pazia. Nilipotoka nje, mwanzi ukakingama mlangoni ukakataa kupita. Nikabaki hapo, mimi niko nje, pazia liko ndani, siendi mbele wala sirudi. Na Barnaba, masikini, alikuwa anaizunguka nyumba kutafuta pa kujificha. Akatokea uani.

Uso kwa uso. Mara ya pili!

Akaruka ua wa mabua, akatokomea kwenye muhogo. Kijana ana mbio, hilo nalisema bila upendeleo. Nyuma yangu nikamsikia Baba Agnesi akitamka neno lake la kwanza tangu asubuhi:

"Kumbe goti limepona."

Nikakaa chini pale kizingitini. Agnesi alisimama uani, mikono kichwani, na hakuwa analia. Angelia ningejua la kufanya. Nilitamani ardhi ipasuke. Posa ya pili hiyo inakwenda, nikawaza, na safari hii wala hawahitaji kusingizia kitu, wamejionea kwa macho yao. Mimi mama yake ndiye ninayemfukuzia wachumba, mmoja mmoja, nikiwa nimevaa hereni.

Mama Mkubwa akaja. Polepole. Bangili yangu iko mkononi mwake. Akanitazama kuanzia kichwani, akashuka na maua mpaka chini, akayafuata mpaka ndani ya nyumba.

"Ndiye mbuzi?"

"Ndiye, mama," nikajibu. "Shikamoo." (Ningesema nini tena?)

"Marahaba." Hakucheka. "Leteni mkasi."

Akaketi pembeni yangu, akaanza kunikata kutoka kwenye pazia. Mshono wa kwanza. Wa pili. Akasimama. Akatoa miwani, akaivaa. Akaushika mshono kwa vidole, akauvuta huku na huku. Haukuachia.

"Umeushona lini huu?"

"Sasa hivi. Mlipokuwa mnanisema."

"Kwa mkono? Bila kutazama?"

"Ningetazama, mama, tungekuwa hapa?"

Bega lake likaanza kutikisika. Kisha la pili. Kisha mama yule mzima akawa anatikisika, miwani ikamdondoka mapajani, na kile kicheko nadhani mlikisikia Lulindi. Alipopata pumzi akamwita Danieli.

"Kaka, njoo uone! Misumari imetoka, ukuta umetoka, bwana harusi mwenyewe ametoka. Uzi wa mwanamke huyu haujatoka! Waliosema hana kazi ya mikono nitawasuta mmoja mmoja. Sisi jibu tumelipokea, na mtoto tunamchukua." Akanigeukia, akanivalisha ile bangili. "Nguo ya harusi utashona wewe. Ila siku hiyo vaa kaniki nyeusi, mama, ujue mwenyewe unaishia wapi."

Danieli akaenda kumtoa Barnaba kwenye muhogo. Haikuwa rahisi. Alikubali kurudi pale tu alipoapiwa kwamba mimi nimefungiwa jikoni. (Ni kweli. Ndimo ninamowaandikia.) Aliporudi akamtuma Agnesi aniletee maneno haya: "Mwambie mama, mimi sikumwona. Niliona maua tu." Jamani kijana huyo! Nampenda kama mwanangu wa kumzaa, na sitamtazama tena maisha yangu yote.

Agnesi alipoleta ujumbe nikajikaza, nikangoja anigombeze. Aliomba kitu kimoja tu, na mimi nilimpa vyote viwili alivyovikataa. "Mwanangu," nikaanza, "nisamehe." Akafungua mdomo ajibu. Midomo ikacheza. Akajaribu tena. Halafu akapasuka. Alicheka mpaka akashika ukuta, akacheka mpaka akakaa juu ya kuni, machozi yanamtiririka, kila akinitazama anaanza upya. Tangu ile posa ya mwaka jana irudi sijawahi kumsikia akicheka hivyo. Nikamwacha. Nikanywea kwenye kona yangu nikamwacha acheke mpaka atosheke, na moyoni namshukuru Mungu.

Basi ninyi huko msinicheke. Wa kunicheka nimemzaa mwenyewe, na anatosha.