Kura ya Siri ya Mheshimiwa Wardell

Ilitangazwa rasmi, kwa bendera na tarumbeta mbili, kwamba wananchi wa Burrumdale, Koloni la Victoria, sasa wamekomaa kiasi cha kuaminiwa na kura ya siri. Mtangazaji alikuwa Mheshimiwa Erasmus Wardell, mbunge wao na mwasisi wa sheria yenyewe. Kiti kile alikirithi kwa baba yake, kama wengine wanavyorithi upara. Mjomba wake alikuwa Spika, shemeji yake Waziri wa Ardhi, na yote hayo, kwa maelezo ya familia, yalitokana na vipaji.

Zamani mpiga kura alipanda jukwaani akataja jina kwa sauti, Mheshimiwa akimkodolea macho na pipa la bia likimngoja chini. Wachache waliompinga, Mheshimiwa aliamini, walimwogopa tu mpinzani wake, Tranter mwoka mikate. Wakipewa faragha, mapenzi yao yangefurika.

Siku moja kabla ya uchaguzi aliwakusanya bandani wanyoaji wa kondoo wake, ambao ndio waliokuwa wapiga kura wake wote.

"Karatasi ina majina mawili. La kwangu lipigeni mstari. Mnene, wa kishujaa!"

"Tukupige mstari wewe, bosi?" aliuliza Hanrahan, kinara wao. "Una hakika?"

"Hanrahan, miaka yote nawaagiza hili, mnafanya lile. Kesho nisikilizeni, mara moja tu!"

"Haya, bosi. Tumekusikia."

Banda zima liliinamisha vichwa, mabega yakitikisika. Mheshimiwa alidhani wanalia, akaguswa sana.

Dada yake Augusta, ambaye sheria ilimnyima kura ila ilisahau kumkataza kusoma, alimvuta koti.

"Kaka, umeisoma lakini? Mstari ni wa kumfuta usiyemtaka."

"Mdogo wangu, sheria nimeileta mimi. Kusoma ni kazi ya makarani."

"Basi kiti cha baba kinakwenda hivyo!"

"Hebu kaangalie nyama jikoni."

Augusta alikwenda. Hasira zake zilikuwa na utamu wake.

Kesho yake, kura zilipohesabiwa, msimamizi wa uchaguzi alipanda jukwaani. Tranter, kura zote. Mheshimiwa Wardell, hakuna.

"Hata yangu mwenyewe?"

"Siwezi kusema, Mheshimiwa, kura ni siri. Ila zote ni zote."

Mheshimiwa aliwageukia wanyoaji, uso umemwiva. "Wasaliti nyie!"

Hanrahan alivua kofia kwa adabu zote.

"Wasaliti vipi, bosi? Mwaka huu hakuna hata mmoja aliyekukaidi."