Kisanduku cha Amri Mbili

Jumatatu, 18 Septemba

Mji mzima wa Niš unanukia hoho nyekundu za kuchoma. Kila roshani ina jiko, kila jiko lina mama, na kila mama ana la kumwambia mwanawe. Wangu kaniambia hoho hazijimenyi. Nikamkumbusha kwamba mimi ni mhandisi wa programu. Akasema vizuri sana, mhandisi, kisu hicho hapo.

Kazini, habari kubwa! Bi Desanka, meneja wetu, ametangaza kwamba ubao wa matangazo wa hamamu ya maji moto kule Banja unahitaji bafa mpya. Bafa ni kisanduku ndani ya kumbukumbu ya kompyuta: programu moja inatia baiti, nyingine inazisoma. Kinachotakiwa ni mtu wa kuandika amri za kutilia na za kusomea. Atakayeshinda anakuwa kiongozi wa kikundi na kupewa kiti cha dirishani.

Tunagombea wawili tu. Mimi na Tihomir.

Tihomir! Mtu anayefuta viatu kabla ya kuingia kwenye lifti!

Jumanne, 19 Septemba

Nimepita nyuma ya Tihomir nikijifanya natafuta sukari. Nimeona yote. Ana amri nne. *Weka* inatia maneno kisandukuni. *Geuza* inapiga alama pale maneno yalipoishia, ili msomaji asipitilize. *Soma* inasoma. *Futa* inasafisha. Kazi safi. Inaudhi.

Mimi nilikuwa na tano, na ya tano sikumbuki tena ilikuwa ya nini.

Kisha, jikoni, bahati! Bi Desanka alikuwa anakoroga kahawa na kulalamika kwamba vijana siku hizi wanapenda kuyafanya mambo magumu. Anatamani kitu rahisi, alisema, kitu ambacho hata yeye anaweza kukieleza kwa mteja.

Nikarudi mezani mbio. Nikaondoa ile isiyojulikana. Nikaondoa *geuza*. Nikasita kidogo, nikaondoa na *futa*. Zimebaki *weka* na *soma*. Nani duniani hajui kwamba mbili ni rahisi kuliko nne?

Jumatano, 20 Septemba

Nimeshinda!

Tihomir alianza yeye. Alipofika kwenye *geuza*, Bi Desanka alikuwa keshalala. Akakoroma kwa heshima, taratibu, kama paka juu ya jiko. Ikaja zamu yangu. Nikasimama, nikasema kwa sauti: amri mbili tu! Akazinduka na kupiga makofi.

Tihomir akanyoosha mkono. Bila shaka. Akauliza, leo nikiweka maneno marefu na kesho mafupi, ule mkia wa maneno ya zamani utaondolewa na nani?

Nikamwambia, "Kaka, wewe unaishi na hofu nyingi mno."

Watu wakacheka. Hoja ikaishia hapo. Kiti cha dirishani ni changu, na kinazunguka.

Mama kanipongeza kwa machozi. Halafu kanipa ndoo ya pili ya hoho.

Alhamisi, 21 Septemba

Siku ya majaribio. Ubao wenyewe umeshatundikwa Banja na kufunikwa kitambaa. Maneno yake yanakaa kwenye mashine ya hapa ofisini, ubao unayasoma kwa mbali. Wenzangu wote walikuwa wameenda kula. Nilihitaji sentensi ndefu ya kujaribia, nikaandika iliyokuwa moyoni:

TIHOMIR ANANUKA MGUU NA BI DESANKA ANAKOROMA KIKAONI

Ikapita kwenye skrini yangu kwa herufi nyekundu, nzuri ajabu. Nilicheka peke yangu mpaka nikashika meza.

Kisha nikaweka salamu rasmi juu yake: KARIBUNI WAGENI WOTE. Nilitaka kuitazama, lakini Tihomir akaingia, nikazima skrini haraka. Alikuwa na bureki, andazi la matabaka lenye jibini. Akaniuliza kama nimekula. Akaikata nusu kwa nusu. Nilichukua ile nusu kubwa. Yule mtu hana akili ya ushindani hata kidogo.

Ijumaa, 22 Septemba

Mungu wangu.

Uzinduzi Banja. Mzee Svetozar, mkurugenzi wa hamamu, alihutubia kuhusu maji na figo, kisha figo na maji. Mabibi waliovaa majoho ya taulo walikaa safu kwa safu, nywele zimelowa. Bi Desanka alikaa mbele kabisa kama mgeni wa heshima. Hotuba ilipofika kwenye figo mara ya pili, alikuwa amekwisha kulala.

Kitambaa kikavutwa.

KARIBUNI WAGENI WOTE NA BI DESANKA ANAKOROMA KIKAONI

Watu wote wakautazama ubao. Halafu wote wakamtazama Bi Desanka. Naye, wakati huohuo, akakoroma.

"Jamani, ubao huu una macho!" bibi mmoja akapiga kelele.

Kicheko! Mzee Svetozar alilazimika kushika nguzo. Bi Desanka akashtuka, akadhani anashangiliwa, akasimama na kuinama kwa adabu, kushoto na kulia. Kisha akageuka, akausoma ubao.

Nilielewa papo hapo. Salamu yangu ilikuwa imekalia miguu ya Tihomir sawasawa, herufi kwa herufi, na yote yaliyofuata yakabaki palepale. Hakuna aliyeyafuta. Hakuna amri ya kuyafuta.

Tihomir, aliyekaa kando yangu, akanisogezea kompyuta yake, akaninong'oneza nitie nafasi tupu, nyingi, mpaka kisanduku kijae, kisha salamu juu yake. Nikafanya. Mkia ukatoweka. Nikamwambia ndilo nililokuwa nataka kufanya.

Bi Desanka akatuita pembeni, karibu na makabati ya nguo. Uso mwekundu kuliko hoho. Nani kaandika? Nikasema kwa majonzi kwamba haya ni mambo ya wivu, Tihomir hajakubali kushindwa. Bi Desanka akanigeukia, sauti laini kabisa.

"Na mwanzoni, kabla ya salamu, paliandikwa nini, Vukasin?"

"Kwamba Tihomir ananuka mgu..."

Nikajiziba mdomo. Nimechelewa.

Tihomir hakukasirika. Aliangalia viatu vyake tu. Afadhali angekasirika. Njia nzima ya kurudi Niš nilikaa kiti cha nyuma na kuangalia visogo vyao.

Jumatatu, 25 Septemba

Tihomir ndiye kiongozi. Kisanduku chake cha amri nne kimewekwa, na hamamu wamefurahi. Mimi nimerudishwa kwenye meza ya kando ya choo, na kazi yangu ni kuandika maelezo ya *geuza* na *futa* kwa lugha ya mtoto wa shule. Vikao vyote sasa ni vya kusimama. Bi Desanka hanisalimii, lakini namwona anaegemea ukuta.

Mchana Tihomir kaja na bureki. Akavuta kiti, akakaa, akasema miguu ameosha, niwe na amani. Nilicheka mpaka ikanipalia. Nilitaka kumwomba radhi. Kweli nilitaka. Ila mdomo ulikuwa umejaa, na nilipomeza alikuwa amekwisha kuondoka.

Nimekuwa mtu mpya. Hila basi! Unyenyekevu, bidii, ukweli. Mama kasema tuone.

Jumanne, 26 Septemba

Simu imeita asubuhi. Mkurugenzi wa jumba la maonyesho ya vikaragosi, Bibi Ljubinka, sauti tamu. Naye anataka ubao. Aliomba kuongea na kiongozi wa kikundi. Tihomir alikuwa nje, kwa daktari wa meno. Nisingeweza kumwacha mama wa watu anangoja kwenye simu. Nikasema ndiye huyu.

Akauliza kama mtambo wetu ni mgumu kuutumia. Amesikia una amri nne.

Nikamwambia hizo ni za zamani. Wa sasa una moja.

Akashangilia! Moja tu? Moja tu, mama. Ukiiita, inatambua yenyewe kama unataka kuweka au kusoma. Itatambuaje? Hayo ni mambo madogo, yatapangika kabla ya Alhamisi, maana Alhamisi ndiyo nimemwahidi, mbele ya watoto wote wa mji na mwakilishi wa meya.

Kwanza jina. Amri moja ikikosa jina zuri, imekosa kila kitu. Nimefikiria asubuhi nzima. Lisiwe refu. Liwe na heshima. Mtu akilisikia, ajue mara moja kazi ni ya nani.

Nimelipata: *Vukasin*.