Usimwandikie Kipara Barua ya Chuo

Kwako Daktari wa Kliniki ya Waliopona,

Shikamoo siwezi kukupa, umri wako naujua, kwa hiyo pokea salamu tu. Mimi ni yule babu wa kofia ya sufu niliyekalia benchi lenu la mlangoni miaka kumi na tatu, mpaka likachukua umbo langu. Anayeandika ni kinyozi jirani yangu, maana mimi shule niliiona kwa nje. Maneno ni yangu, mwandiko mbaya ni wake.

Nalalamika kuhusu mjukuu wangu, Kipara. Jina hilo nilimpa akiwa na miaka sita, dawa zenu za saratani ya damu zilipomaliza nywele zake. Sasa ana kumi na tisa, nywele zinamfika mabegani, na jina halijang'oka. Amepata nafasi ya kusomea ufundi wa majokofu mji mwingine, siku nzima kwa basi. Chuo kinataka barua yako kwamba afya yake inaruhusu. Naomba kwa heshima usiiandike.

1. Mmemponya kupita kiasi. Tulikubaliana apone, hatukukubaliana aondoke. Mtoto niliyembeba mgongoni ghorofa tatu siku lifti yenu ilipokufa (muulize mlinzi, ingawa atakwambia ghorofa moja), leo analala chini ya jokofu la bucha akilitengeneza, na mimi ndiye natumwa bisibisi.

2. Kasoro anazo, ila anazificha kwa kuzisema wazi. Anachoka mapema kuliko wenzake. Anasahau, kwa hiyo anatembea na daftari, na siku ya kupimwa moyo kila mwaka, kwa sababu ya zile dawa zenu, ameiandika humo. Ukimuuliza anakueleza bila haya, kisha anaendelea na kazi. Mgonjwa gani asiyejua kulalamika? Nalalamika mimi kwa niaba yake tangu zamani, na hakuna aliyewahi kuniambia ahsante.

3. Alipoishiwa nywele nilinyoa kichwa changu ili asiwe peke yake. Akina baba wa wodi nzima wakaniiga. Jambo hilo duniani nimelianzisha mimi. Kinyozi hapa anakohoa, lakini wembe aliushika yeye. Nywele za Kipara zimerudi, zangu mpaka leo zinasubiriwa.

4. Juzi nilimwambia asubiri mwaka mmoja, apate nguvu. Alikuwa anafuta grisi kwenye spana. Akaziweka chini, akaja kuketi karibu yangu, akasema, "Babu, nimekuwa mgonjwa wako vya kutosha. Sasa niache niwe mjukuu wako." Maneno hayo ameyatoa kwenu tu. Kwetu mtu akikasirika anapiga kelele, anajibiwa, yanaisha. Yeye akarudi kwenye spana zake.

5. Hili ndilo zito. Ile fomu yenu ya maswali ya ubora wa maisha. Ukurasa wa mlezi nilijibu mimi, kinyozi akinisomea. Ngazi zinasumbua? Sana. Usingizi? Wa kukatikakatika. Hofu ya siku zijazo? Kila siku. Upweke? Hapo kinyozi alirudia swali mara mbili, nikamwambia atie alama kwenye "mara nyingi". Nasikia fomu hiyo ndiyo iliyokufanya uiweke barua kando. Hapo ulitumia akili. Mtu wa hali hiyo hapelekwi mbali na babu yake.

Ikishindikana kabisa, basi nisajiliwe na mimi. Majokofu nayajua, moja nililitengeneza kwa kuligombeza tu.

Nisalimie muuguzi anayepata mshipa mara ya kwanza, na yule anayeupata mara ya nne, na mlinzi, ingawa ni mwongo, na watoto wote wa benchi langu.

Ni mimi, mwenye kinyongo na shukrani,
Babu yake Kipara

Nyongeza: Kinyozi ameweka kalamu chini, anasema hafungi bahasha mpaka niseme. Haya. Ukurasa uliandikwa "mlezi", nikadhani mlezi ndiye anayeulizwa hali yake mwenyewe. Magoti ni yangu. Usingizi ni wangu. Upweke pia, ila huo nimeutanguliza, bado hajaondoka. Kipara ngazi anapanda, akichoka anapumzika, kisha anapanda tena. Tafadhali andika barua, basi lake linaondoka Jumatatu. Begi lake nimelifunga mwenyewe. Kofia yangu nimeiweka chini kabisa asiione mapema, maana kwenye majokofu kuna baridi.