Duru Alizotazama Mwenyekiti

Kipaza sauti kilikohoa mara mbili, kikapiga mluzi, kisha uwanja mzima wa Santa Brígida ukatangaziwa enzi mpya: kuanzia siku hiyo, duru za besiboli hazingekuwa sawa tena. Duru iliyotazamwa na Ndugu Evelio Barrabí, Mwenyekiti wa Tume ya Besiboli ya Mkoa, ingehesabiwa mara kumi. Duru aliyoikosa ingehesabiwa mara moja, kwa huruma.

Mimi, Katibu wa Tume, ndimi niliyeandika waraka huo. Mantiki yake haina doa. Mchezo mbele ya kiongozi una uzito. Mbele ya umma ni mazoezi tu.

Aliyeleta usumbufu ni Osmaikel Pedroso, mrushaji wa miaka thelathini na minne, ambaye bega lake lilibakiza msimu mmoja. Alitaka kuvaa jezi ya mkoa japo mara moja. Sharti: kwa kila duru tisa, asifungwe wastani wa zaidi ya pointi tatu.

Bi Nereida, mtunza takwimu, alimfungulia daftari.

"Duru themanini bila Mwenyekiti, umefungwa pointi kumi. Duru kumi akiwepo, umefungwa kumi nyingine. Kwa hesabu ya shule, wastani wako ni mbili. Kwa hesabu ya waraka, tano na nusu."

"Akiwepo ananiletea vikaratasi, Bi Nereida. 'Rusha katikati, tuwaonyeshe ujasiri.' Nikirusha katikati, mpira unapigwa kirahisi, unakwenda kutafutwa kwenye miwa."

"Si ungevichana?"

"Ungekuwa wewe, ungevichana?"

Bi Nereida alilamba kidole, akafunua ukurasa mwingine.

Nilimweleza Osmaikel kwa upole kwamba takwimu hazina chuki na mtu.

"Katibu, we umewahi kurusha hata jiwe?"

Swali hilo halikuwemo kwenye ajenda.

Jedwali la takwimu za warushaji likapelekwa kwa wataalamu wa mji mkuu. Fomu ilikuwa na safu ya "sababu ya uzito", na Bi Nereida, mtu wa nidhamu, aliijaza kwa warushaji wote kumi na wawili: *Mwenyekiti yupo.*

Jibu lilikuja kwa muhuri. Wataalamu walikuwa wamebaini kwamba Mwenyekiti akiwepo, mkoa hufungwa pointi tisa kwa kila duru tisa; asipokuwepo, moja. Kwa hiyo hesabu ya shule irudishwe. Osmaikel apewe jezi. Mwenyekiti asikanyage uwanjani msimu mzima, na aahidi hivyo kwa mdomo mbele ya warushaji. Aidha, jedwali kama hilo liandaliwe haraka kwa kiwanda cha sukari na tanuri la mkate, ambako Mwenyekiti pia hupenda kutembelea.

Warushaji walijipanga. Mwenyekiti alinong'ona kitu.

"Kwa sauti, Ndugu Mwenyekiti," alisema Bi Nereida, kalamu mkononi. "Nina safu ya kujaza."

Mwenyekiti alimtazama Osmaikel kwenye jezi mpya.

"Nakuahidi, mwanangu. Siku ukirusha wewe, mimi nimelala. Hata redio sitafungua."