Tangi Moja, Pande Mbili

Jumatatu, 3 Mei 1993

Shirika la misaada linatuletea tangi la maji safi. Ni moja tu, na kambi yetu hapa nje ya Mombasa ina pande mbili. Sisi wa kisiwa cha Koyama tuko juu, wa kisiwa cha Kudhaa wako bondeni karibu na vyoo. Tangi litakwenda kwa wale ambao watoto wao wanaharisha zaidi. Tangu mvua zianze, matumbo yamewashika watoto kambi nzima. Bakri, msemaji wa Kudhaa, ameshaanza kutembea kifua mbele.

Vita vya Somalia vimenipokonya mashua, nyumba na karakana. Tangi silitoi.

Jumatano, 5 Mei

Nimepita mahema yetu yote. Wagonjwa kumi na wanane. Safi sana. Yaani si safi, masikini watoto, lakini kwa mpango wangu ni safi.

Nikashuka Kudhaa kupeleleza. Nilikwenda kwa Mwanapili, mjane aliyemzika mumewe Kismayu kabla ya kukimbia na binti yake mdogo, Ummi. Nilisema nimekuja kushona paa la hema. Paa lilikuwa zima, ikabidi nilitoboe kidogo. Akanipa chai ya tangawizi, akaniambia kwao wanaumwa kumi na wawili. Kisha akauliza kama usiku ninalala vizuri. Tangu tutoke nyumbani hakuna aliyeniuliza hivyo. Nikamwaga chai.

Kumi na wanane kwa kumi na wawili. Tumeshinda.

Ijumaa, 7 Mei

Baada ya swala nilimtangazia Bi Safiya, muuguzi wa shirika anayeamua tangi liende wapi, hesabu yangu mbele za watu. Wa Koyama wakanishangilia. Bi Safiya akauliza kumi na wanane kati ya watoto wangapi. Sikujua. Sikuwahesabu wazima, mtoto mzima anatafuta nini katika hesabu ya wagonjwa?

Kumbe watoto wetu ni tisini. Wa Kudhaa ni thelathini. Bi Safiya akachora mchangani kwa kijiti. Kwetu, katika kila watoto watano, mmoja anaumwa. Kwao, katika kila watano, wawili.

"Idadi kubwa ni yenu, Bwana Gharibu," akasema, "lakini mtoto wa Kudhaa yumo hatarini mara mbili ya mtoto wa kwenu."

Bakri alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Bi Safiya akamnyamazisha. Alisema thelathini ni wachache, wakiugua au wakipona wawili watatu tu picha inabadilika sana, na huenda tofauti hii ni ya bahati tu. Atahesabu tena Jumatatu, ndipo aamue.

Kwa hiyo bado kuna nafasi.

Jumatatu, 10 Mei

Kuwapita Kudhaa kulihitaji wagonjwa wengine kumi na tisa, na mmoja wa akiba. Nikawafundisha watoto ishirini wazima kushika tumbo na kugumia, kwa ahadi ya peremende. Bi Safiya alipofika waligumia wote kwa pamoja, kama wanaimba kasida. Mmoja alishika goti. Bi Safiya akaagiza kila mgonjwa anywe kikombe kikubwa cha maji ya chumvi na sukari. Wote ishirini wakapona palepale.

Hakunigombeza. Alisema tu kwamba bondeni wamefika kumi na watatu, na wa kumi na tatu ni Ummi.

Sikumbuki nilivyoteremka. Ummi alikuwa amelala, macho yameingia ndani, midomo imekauka. Mwanapili hakunitazama.

"Hakuna mchu wa kwetu aliyekuja," akasema, "mchu" kwa "mtu" kama tusemavyo visiwani. "Wewe umefuata nini, kaka Gharibu?"

Nikasema nimekuja kutazama paa.

"Linavuja pale ulipolitoboa."

Alijua siku zote. Nilikaa chini, nikachukua kijiko. Tulimnywesha kijiko kwa kijiko, yeye akichoka mimi nashika, mpaka alasiri. Ummi akafumbua macho, akauliza Koyama kukoje. Nikamwambia kwetu kaa wa baharini huingia jikoni bila hodi, na bibi yangu alikuwa akiwagombeza kama wakwe. Akacheka kidogo. Akaomba maji mwenyewe. Mwanapili akageukia ukuta wa hema, akalia bila sauti.

Nilisahau kabisa kuuliza habari za tangi.

Alhamisi, 13 Mei

Tangi limekwenda Kudhaa. Jukwaa lake nimelijenga mimi, kwani mimi ni fundi wa mbao na Bakri hajui kushika nyundo. Watu wangu wananiita msaliti. Nimewaeleza kuwa bomba halimwulizi mtu kisiwa chake, nao waje wachote. Wamekuja, wamenuna, wamechota.

Ummi alikuwa nje akila mahamri. Nikapata ujasiri. Nikamwambia Mwanapili kwamba paa lake linahitaji mtu wa kulitazama daima, na mimi ni fundi, na hema langu, kwa kweli, ni kubwa kwa mtu mmoja. Nikapotea katikati ya maneno.

Akasema nimngoje ajaze ndoo. Akajaza, akaisukuma mbele yangu.

"Haya, beba," akasema. "Twende nyumbani ukaongee na kaka yangu, amerudi jana kutoka Mombasa."

Nilibeba. Nusu ya maji ilimwagika njiani. Alijifanya haoni.

Jumapili, 16 Mei

Kaka yake amekubali. Tunaoana baada ya mvua.

Nimeyafikiri sana mafunzo ya Bi Safiya. Usitazame idadi, tazama ni wangapi kati ya wangapi. Wanaume wa Kudhaa waliomposa Mwanapili ni wanne, na wote wamekataliwa. Wa Koyama aliyeposa Kudhaa ni mmoja, naye amekubaliwa. Maana yake, mwanamume wa Koyama akiposa Kudhaa hakataliwi kamwe.

Nimekwisha kumtuma binamu yangu Mzamil, mwenye meno matatu na ugomvi na nusu ya kambi, akampose dada yake Bakri kesho asubuhi. Aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia mmoja kati ya mmoja, unataka hakika gani zaidi.